Jina Lililoachwa Kwenye Bango

Kila siku baada ya masomo, Kalista alipanda basi hadi pembezoni mwa Guangzhou, kwenye karakana alikofanya kazi mama yake, Leokadia. Hapo wafanyakazi waliyeyusha alumini na kutengeneza mabango ya barabarani ya kuuzwa nje ya China. Leokadia, aliyewahi kufundisha Kiingereza Mbeya, ndiye aliyekagua maandishi kabla kazi haijaingia tanuruni.

Jumanne moja macho ya Leokadia yalivimba, hakuweza kusoma. "Mwanangu, nisaidie," alisema. "Linganisha mchoro huu na karatasi ya mteja. Usiruke hata neno."

Bango lilikuwa la mji mdogo wa Marekani. Lingesimamishwa kando ya barabara kumkumbuka Josiah Pell, mmoja wa walowezi wa mwanzo katika bonde lile.

Kalista alisoma mistari minne. Kisha simu ikalia. Rafiki yake Nahla alikuwa amemtumia video. Akacheka, akatazama nyingine, na nyingine tena.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Yote yako sawa."

Leokadia akatia sahihi.

Wiki iliyofuata Kalista alilikuta bango katika chumba cha kufungashia, limeshapakwa rangi. Karatasi ya mteja ilikuwa pembeni. Alianza kusoma kwa kujifurahisha tu, mara akarudia mstari mmoja. Karatasi ilisema kuwa katika majira ya baridi ya kwanza Pell alizika watoto wake watatu: Amos, Ruth na Hannah. Bango lilitaja wawili. Hannah, mwenye miaka tisa, hakuwepo.

Mdogo wake Kalista, Lusajo, alikuwa amefariki kwa malaria akiwa na miaka tisa, nyumbani kwa bibi, Mbeya. Msiba ulimkuta Kalista na mama yake hukohuko China. Mama alilia kwenye simu akimsihi bibi ahakikishe jina la mtoto limeandikwa vizuri msalabani.

Kalista alimfuata mama yake. "Mama, nilikudanganya. Sikusoma yote. Kuna mtoto ameachwa."

Leokadia hakumgombeza. Alimshika mkono, wakaenda kwa bosi, Bwana Liang.

"Sahihi hii ni ya nani?" bosi aliuliza kwa ukali.

"Yangu," alijibu Leokadia.

"Lakini mimi ndiye niliyesoma!" Kalista alidakia kwa Kichina.

Bwana Liang hata hakumtazama. Bango lilirudishwa tanuruni, likatengenezwa jipya lenye majina yote matatu. Leokadia naye akaondolewa kwenye ukaguzi, akapelekwa kupiga msasa, kwenye chumba chenye vumbi la kukaba koo.

"Mama, kwa nini hukumwambia ni kosa langu?" Kalista aliuliza mlangoni mwa chumba hicho, machozi yakimtiririka.

"Kwa sababu nilitia sahihi bila kuangalia. Hilo ni langu," alisema mama. "Lako ni kusema umemaliza kazi ambayo hukuimaliza. Uongo wa namna hiyo huwaumiza watu usiowajua, hata wasioweza kulalamika. Umesema kweli kabla sanduku halijafungwa, ndiyo maana yule mtoto amepata jina lake. Ungesema siku ileile, nisingekuwa hapa. Kuanzia leo, ukikabidhiwa kazi, ifanye mpaka mwisho. Ukishindwa, sema mapema."

Akavaa barakoa yake, akaingia kwenye vumbi.