Sahihi ya Mpundu

Chouchou na Mpundu walianza kwa ugomvi. Bandari ya Kashikishi ilifurika watu, mitumbwi ikishusha chisense, samaki wale wadogo wanaong'aa, na Chouchou, kitenge cha njano kimemkaa barabara, aliinama ziwani achote maji ya kunyunyizia sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa akiuza. Kijana wa koti jeupe akaishika ndoo.

"Usichote hapa, mama. Kuja uchote pale kwa klorini."

"Mi siko mama yako. Achilia ndoo yangu."

Akacheka, akamchotea mwenyewe. Baada ya miezi mitano soko zima lilijua kwamba binti wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala na afisa wa afya wanapendana. Mpundu alishaahidi kwenda kuposa kwa kaka yake Chouchou, Léopold.

Ndipo klorini ikakatika. Wiki tatu mapipa ya maji ya klorini pale bandarini yalikuwa makavu, na kipindupindu kikaingia bila kupiga hodi. Marie, mdogo wake Chouchou, alilazwa kwenye hema la wagonjwa kliniki, dripu mkononi, macho yameingia ndani.

Alhamisi hiyo Ireen, muuza nyanya wa meza ya jirani, alifungulia redio Bunge la Lusaka, akawa anamtafsiria Chouchou. Mbunge wao aliuliza klorini iko wapi.

"Waziri anasema klorini inafika kila wiki," Ireen alisema. Kisha sauti ikampungua. "Anasema iko na ripoti tatu. Zote afisa wa hapa alisaini. Mpundu."

Wachuuzi wote wakamgeukia Chouchou. Aibu ilimshika asijue pa kutazama. Akapiga simu.

"Allô, Mpundu. Ni weye ulisaini?"

"Ni mimi, chérie, lakini sikia..."

"Marie anatapika, na we unasaini bongo, unasaini uwongo?"

"Zilikuwa tupu. Kila miezi mitatu tunasaini fomu tatu mbele ya wakati, sababu gari ya kupeleka karatasi haipatikane. Kule juu Lusaka, bakubwa njo banajaza."

"Basi sema ivyo."

"Nikisema, kazi imekwisha. Nitaenda kwa Léopold na nini?"

"Mutu mwenye kuogopa, Léopold hawezi kumupa hata kuku. Usiniite tena."

Alikata. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kwa siku saba simu iliita akaiangalia tu. Marie alianza kukaa na kunywa uji, lakini mama mmoja wa kijiji cha Kafutuma, kitanda cha pili, alitolewa amefunikwa shuka. Chouchou alimwona mume wa marehemu akikunja nguo za mkewe, na hasira ikampanda upya.

Alhamisi iliyofuata alikaa karibu na redio akijidai hasikilizi. Mbunge alisimama na swali la nyongeza. Ireen alimshika mkono.

"Anasoma barua. Ya Mpundu. 'Nilisaini karatasi tupu. Kosa ni langu. Mapipa yamekauka tangu tarehe sita, na watu wanakufa.'"

Kelele zikazuka Bungeni. Waziri akaomba muda. Chouchou hakungoja asikie atapewa siku ngapi. Aliiacha sombe yake mezani, akaenda kliniki mbiombio.

Mpundu alikuwa ameketi kwenye ngazi, hana koti jeupe, bahasha magotini.

"Banakufukuza?"

"Bananisimamisha kwanza. Kufukuza itakuja." Hakuinua macho. "Nilichelewa, Chouchou. Ule mama wa Kafutuma, ningesema mbele..."

"Ndiyo. Ulichelewa." Hakumficha. Akaketi kando yake, bega kwa bega, mbele ya wagonjwa wote. "Lakini ulisema."

"Sasa siko na kitu. Léopold atanicheka."

"Léopold alitoka Congo na shati moja, atakucheka na kinywa gani? Kazi ingine iko. Mpundu mwingine nitamutoa wapi?"

Machozi yalimtoka Mpundu, akayafuta kwa bahasha yenyewe.

"Jumapili, misa ikiisha, kuja kwa Léopold," Chouchou alisema. "Usipofika, mi njo nitakuja kukuposa, na haya itakuwa yako."

Jumapili Mpundu alifika Mantapala misa haijaisha.