Maswali ya Kiama

Siku ya soko pale Kabati, Mwongeli alikuwa akichagua punje za ndengu joto lilipompanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni. Akavua sweta lake la zambarau na kujipepea kwa leso, ilhali kila mtu alikuwa amejikunyata kwa baridi.

"Hiyo jua yako unaitoa wapi?" aliuliza mwanamume mrefu kando yake, shati limenyooshwa likanyooka. Jina lake Kiama, fundi wa mbegu kutoka kituo cha utafiti cha Kiboko.

Mwongeli alikuwa amechoka kudanganya. "Nilikuwa na saratani ya ovari. Wakanipasua, wakatoa kila kitu, halafu kemo. Sasa mwili umezeeka kuliko mimi."

Alingoja uso wa huruma. Haukuja.

"Na hilo joto lina dawa?"

"Iko. Na nesi alinifundisha kupumua pole pole likianza."

"Nionyeshe."

Wakapumua pamoja katikati ya magunia, muuza ndengu akiwakodolea macho.

Wakapeana namba, na simu za Kiama zikaanza. "Mrembo, miguu bado ina ganzi ya kemo?"

"Inapungua, Bwana Maswali. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani?"

Mwongeli alicheka, akaeleza. Hakuna mwingine aliyewahi kutaka kujua.

Jumapili moja baada ya ibada, Kiama alimtembelea kwao Matinyani. Mwongeli akitoka na chai, alimsikia Kiama akimwambia Gakenia, dada yake mwenyewe, kwa simu, "Watoto si shida. Shida ni yeye."

Akamwekea chai, akakaa mbali naye. Kiama alipoondoka, Mwongeli akaifungia namba yake.

Siku ya kliniki mjini Kitui, aliingia kwenye kikundi cha waliopona saratani, kile alichowahi kumsimulia Kiama kwa simu, akamkuta ameketi katikati ya akina mama.

"Umenifungia simu. Nilikosa nini?"

"Nilikusikia. Eti shida ni mimi."

Kiama alifikiri, kisha akashusha pumzi. "Gakenia aliuliza mbona sioi. Nikamwambia shida ni wewe, hujanikubali."

Mwongeli akatazama sakafu. "Inaweza kurudi, Kiama."

"Najua. Nimekuja kuuliza huwa wanaichunguza namna gani."

Nesi Kathini, kiongozi wa kikundi, alieleza: kupimwa damu, kupigwa picha, kurudi kliniki bila kuruka. Kiama akainua mkono.

"Na chumbani, kukiwa na ukavu na maumivu, mume asaidie vipi?"

Akina mama wakaficha vicheko kwenye leso. Kathini akamkazia macho. "Wewe ni mume wa nani?"

"Bado nangojea kuambiwa."

Mwongeli alivuta kiti, akaketi ubavuni mwake.

"Ni wangu," akasema. "Mjibu, nesi."