Damu ya Kila Jumatatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya mnada Katesh, mbuzi mweusi alikuwa akitafuna pindo la sketi ya kitenge ya Judica. Mwenyewe hakujua, hadi mwanamume aliyevaa koti la jinzi na buti zenye tope alipoidaka kamba.

"Dada, huyu mbuzi ana macho. Mnada mzima kachagua kitambaa kizuri kuliko vyote."

"Mwambie aniachie basi."

"Nikimwambia, utanipa namba yako?"

Judica alicheka, akampa.

Aliitwa Hermani, mpimaji wa maabara katika zahanati moja Hirbadaw. Alisema hana mke. Judica, mzaliwa wa Nangwa, alikuwa mtafiti katika maabara ndogo hapo mjini. Kwa hadubini yenye kamera alirekodi jinsi chembe nyeupe za damu zinavyowinda bakteria. Kila Jumatatu alihitaji damu mbichi ya mtu mwenye afya.

"Chukua yangu," Hermani alisema. "Nitajitoa mwenyewe, nikuletee."

Utaratibu ulitaka mtoaji atolewe damu mbele ya mtafiti. Hermani alisaini fomu, basi. Mkono wake ukitobolewa, Judica hakuwahi kuuona, na hakuuliza.

Kwa miezi minne aliziangalia chembe zile. Moja ilijivuta, ikanyoosha mguu laini kama ute, ikambana bakteria, ikammeza. Alijua ni chembe tu. Hata hivyo, kazi ikiisha alibaki mbele ya kioo dakika kumi zaidi. Saa saba mchana Hermani alimpigia simu.

"Mpenzi, askari wangu wanaendeleaje?"

"Mmoja amemeza wanne."

"Karithi ulafi wangu huyo. Na wewe, daktari wangu, umekula?"

Mwezi Juni Hermani akaanza kusema atakwenda Nangwa kumwamkia baba yake Judica na kujitambulisha. Judica akashonesha gauni la zambarau, la mikono mirefu.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo hadubini mpya ilifungwa, yenye nguvu kuliko ya kwanza. Judica alitia rangi kwenye damu, viini vya chembe vikang'aa. Kimoja kilikuwa na kinundu kwenye shingo nyembamba, mfano wa kijiti cha kupigia ngoma. Alihesabu chembe mia tano. Kumi na nne zilikuwa nacho. Akahesabu upya, zikabaki kumi na nne. Kinundu hicho ni cha damu ya wanawake.

Alipiga simu.

"Hermani, hii damu ni ya mwanamke."

Hermani alicheka. "Mrembo, naogopa sindano. Nachoma watu kutwa, mimi mwenyewe sithubutu! Ni ya dada yangu. Alikubali."

"Basi asaini."

"Niko semina Mbulu. Nikirudi nitampelekea fomu."

Judica hakusubiri. Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, bodaboda ilimshusha Hirbadaw, fomu ikiwa kwenye mkoba. Jirani alimwonyesha nyumba ya Hermani. Mwanamke aliyejifunga khanga ya bluu alitoka, akamkaribisha ndani. Ukutani palikuwa na picha ya harusi. Bwana harusi alikuwa Hermani.

"Mimi Gaudensia, mke wake. Mnafanya kazi pamoja?"

Upande wa ndani wa kiwiko chake cha kushoto palikuwa na vidoti vya sindano, vipya na vya zamani. Judica aliviangalia kabla ya kujibu.

"Anakutoa damu kila Jumatatu?"

"Ndiyo. Anasema nimepungukiwa damu, lazima anipime kila wiki."

"Dada, hujapungukiwa na kitu. Nimeiangalia damu yako miezi minne. Ni nzima kabisa." Akamweleza yote, kuanzia mbuzi hadi gauni.

Hapo simu ya Judica ikaita mezani. Picha ya Hermani ilijaa kwenye kioo, chini yake neno Mpenzi.

"Pokea," Gaudensia alisema. "Weka spika."

"Mpenzi, askari wangu wanaendeleaje?"

Gaudensia aliinama juu ya simu.

"Ni wangu, baba Basili."

Simu ilikatwa saa tisa na dakika arobaini na moja.