Mkwe Aliyerudi Kumalizia Palizi

Hii sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, tena nilikuwa juu ya mkorosho, na macho haya unayoyaona yameshaona majini mengi kuliko kunguni uliowaua wewe tangu uzaliwe. Shule niliishia la nne, sawa, lakini mambo haya hayafundishwi shule. Kaa usikilize.

Pale Nambilanje, nyumbani kwa Bi Mwamini, jambo lilianza na jembe. Binti yake, Zuleha, aliamka kufagia akalikuta nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote, ila lina udongo mbichi. Jembe lile lilikuwa la Harithi, mchumba wake, mwanajeshi wa kambini Nachingwea. Na Harithi alikuwa ameshazikwa kwao Tunduru tangu kabla ya Ramadhani.

Zuleha akalipangusa, akaendelea kufagia.

Ndivyo alivyokuwa. Tangu ile simu iliyosema gari limepinduka, mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Ukimwambia ale, anakula. Ukimpa mtoto wa watu abebe, anabeba. Hakulia hata tone, mpaka majirani wakasema yule binti kameza jiwe. Eda hakukaa, maana hakuwa mke. Mazishini hakwenda, maana hakuwa mke.

Alichobakiwa nacho ni kumkumbuka, na hata huko kukumbuka kulikuwa kama kuangalia tivii ya jirani dirishani, picha unaziona, sauti hupati. Harithi alimkuta soko la Ruangwa anauza maandazi. Akanunua beseni zima.

"Afande, hilo tumbo ni lako au la kikosi kizima?" Zuleha alimuuliza.

"Langu peke yangu. Na kesho nakuja, uongeze sukari."

Akaja. Kesho kutwa akaja. Kijana yule alikula maandazi mpaka unga ukaadimika wilaya nzima, watu wa Lindi wakawa wanaulizana kuna vita wapi.

Siku hizi mtu anatoa hela anachukua mke, basi. Lakini mwenye kauli juu ya Zuleha ni mjomba wake, mzee Isihaka, na mzee Isihaka ni mtu wa zamani: mposaji alime ukweni kwanza. Akamwonyesha Harithi shamba la mikorosho, apalilie lote. Akimaliza, akapikiwa na wakwe akala, mke ni wake, hakuna wa kumnyima. Kila alipopata ruhusa kambini alikuja na pikipiki, ananukia kiwi ya viatu, anavua magwanda, analima. Na alilima kijeshi. Majani aliyong'oa aliyalaza mstari mmoja, mizizi yote imeangalia jua, utadhani gwaride. Alikufa nusu ya shamba bado pori.

Sasa siku ile ya jembe, Bi Mwamini alirudi kutoka shambani uso umempauka.

"Zuleha, nani kapalilia?"

"Sijui, mama."

"Pameongezeka, mwanangu. Majani yamelazwa vilevile."

Mzee Isihaka akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Wakati wa palizi kibarua anatafutwa kama dawa. "Mtu anakulimia bure, dada, wewe unamuuliza jina? Mpelekee chakula, asije akaenda kwa jirani."

Hapo ndipo walipokosea. Bi Mwamini akachinja jogoo, akasonga ugali, akapakua kwenye zile bakuli za maua zinazotolewa kwa wakwe tu, akaenda kuziweka chini ya mkorosho. Jioni Zuleha alifuata vyombo. Alivikuta vimeoshwa, vimepangwa mstari, na pale pote pananuka kiwi. Akasimama. Akajua kwamba anaogopa, lakini hofu yenyewe aliisikia kwa mbali, kama ya mtu mwingine anayelia nyumba ya tatu.

Wakapeleka chakula kesho yake, na kesho yake tena, kwa sababu sasa waliogopa kutopeleka. Ikawa kila jua likisimama utosini, ndege wakinyamaza, jembe linasikika kule shambani, ko, ko, ko, bila mtu, na majani yanang'oka yenyewe yanajilaza, na sauti ile kila siku iko karibu zaidi na nyumba, mpaka ikawa Bi Mwamini akitwanga mtama anasimamisha mchi hewani ili asilipokee jembe kwa mapigo, na Zuleha anakaa kizingitini anasikiliza, uso mkavu, kama mtu anayesubiri basi.

Wakamwita fundi Saburi, mganga wa majini, kutoka Mbwemkuru. Hakupiga ramli wala nini.

"Mlimlisha?" aliuliza.

"Tulimlisha," Bi Mwamini akanong'ona.

"Kwa vyombo gani?"

"Vya mkwe."

Saburi akashusha pumzi. "Basi mmemkubali wenyewe. Huyo siyo Harithi, dada. Harithi kalala kwao. Hilo ni jini, limekuta kazi ya mtu haina mwenyewe likaivaa. Likimaliza shina la mwisho linakuja mlangoni kuchukua mke."

"Na tukimkatalia?" Isihaka akauliza, sauti imebaki ya kuku.

"Unamkataliaje aliyekulimia, mzee?"

Dawa ilikuwa moja. Mkorosho wa mwisho aupalilie Zuleha kwa mkono wake. Akitangulia kufika shinani, kazi itakuwa yake, na jini halina cha kudai.

Wakampa jembe. Mimi nilishapanda juu ya mkorosho wa pili, nimeng'ang'ania tawi mpaka likapiga kelele. Jua liliposimama Zuleha akaanza kulima kutoka upande huu, na upande wa pili majani nayo yakaanza kung'oka, na harufu ya kiwi ikapanda hadi machozi yakanitoka, na majembe mawili yakawa yanakimbizana kulizunguka lile shina, ko na ko, ko na ko, hata nikawa sijui lipi la binti na lipi la mwenzake, mpaka jembe la Zuleha likagonga shina kwanza, upepo ukavuma ambao ningeachia tawi ningetua Nachingwea, kukawa kimya. Saburi akasema limeondoka.

Basi, hapo pa Zuleha kutangulia na jini kuondoka nimepatunga. Bi Mwamini ndiye anayependa isimuliwe hivyo, na mimi nimezoea. Mengine yote ni kweli tupu. Zuleha alifika pale chini akalilaza jembe, akakaa akaegemea shina, akanyoosha miguu, akamwacha yule wa upande wa pili amalize. Hapo ndipo nilipomwona analia. Leo ukimuuliza Bi Mwamini, atakwambia binti yake yuko Nachingwea kwa mumewe, hajambo kabisa. Mimi sijawahi kuuliza ni nyumba ipi.