Homa ya Njiru Iliyokataa Kuisha

Igoki aliishi na mume wake Njiru na binti yao Lorna katika kijiji kimoja cha nyanda kavu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Siakago. Walikuwa na mbuzi kumi na wanane, shamba la ndengu na kunde, na mistari michache ya muguka, yale majani ya kutafuna, nyuma ya nyumba.

Njiru alikuwa na desturi moja. Jioni akirudisha mbuzi, aliketi juu ya kichuguu kikubwa kilicho karibu na boma. Kutoka hapo aliona kila mbuzi akiingia, mmoja mmoja. Kichuguu kilikuwa bado na joto la jua, na mgongo wa mtu aliyeshinda akitembea hupenda joto. Baba yake alikaa hapo hapo. Wanaume wote wa kijiji walikuwa na vichuguu vyao vya kukalia.

Homa ilianza wakati wa kupalilia ndengu. Njiru alitetemeka jioni, asubuhi akaamka mzima. Igoki akasema ni malaria. Alinunua dawa kwenye duka la dawa, Njiru akazimeza zote. Homa ikatulia siku mbili, halafu ikarudi.

Wiki zikapita, moja, mbili, tano. Njiru akakonda hadi mshipi wake ukatobolewa matundu mapya. Muthokoi aliyoipenda, ile ya mahindi yaliyokobolewa, ikawa inarudi jikoni kama ilivyopakuliwa. Jirani yao Kithaka alimwona njiani akapaza sauti.

"Njiru! Muguka itakumaliza, bana! Unatafuna kuliko mbuzi wako!"

"Wewe tafuna yako uniachie yangu," Njiru alijibu. Lakini hakucheka.

Igoki naye hakucheka. Alikuwa na hofu nyingine, kubwa kuliko muguka. Mtu akikonda hivyo, watu hunong'ona kuhusu ule ugonjwa ambao hautajwi jina. Usiku Igoki alilala akitazama mabati. Kama mume wangu anao, alijiuliza, mimi je? Na Lorna wetu je? Hakumwambia mtu. Hata Njiru mwenyewe.

Siku moja asubuhi Igoki aliona gari jeupe likija polepole kati ya miti ya miiba. Alijua ni la nani. Walikuwa wale watafiti wa magonjwa. Kijiji kizima kilikuwa kinawasema. Ati wanatega karatasi zilizopakwa mafuta ya nyonyo kwenye matundu ya vichuguu. Ati wanatundika vitaa vidogo kwenye maboma ya mbuzi. Ati wanatoa watu damu na kuipeleka mbali. Karatasi kwenye kichuguu, mafuta, damu. Hiyo ni kazi ya daktari au ya mchawi?

"Baba Lorna, amka!" Igoki alinong'ona. "Ingia ghalani. Haraka!"

"Niingie ghalani kwa nini? Mimi ni gunia?"

"Ingia tu! Na usikohoe."

Mwanamke wa miaka arobaini hivi alishuka kwenye gari. Pamoja naye alikuwa Cicily, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye Igoki alimjua tangu walipokuwa shuleni.

"Hamjambo hapa? Mimi naitwa Daktari Karimi," mgeni alisema. "Tunauliza kama kuna mtu mwenye homa ya siku nyingi."

"Hapa hakuna," Igoki alisema.

"Na baba Lorna yuko?" Cicily aliuliza.

"Amesafiri. Ameenda Embu, kwa ndugu yake, kule mtaa wa Majimbo."

Cicily alitazama viatu vya Njiru vilivyokuwa mlangoni. Kisha akamtazama Igoki. Akageuka, akarudi garini. Gari likaondoka, na Igoki akaenda kumfungulia Njiru ghala.

Siku tisa baadaye, Njiru aliamka damu ikimtoka puani. Igoki aliweka kitambaa cha maji baridi. Kikalowa. Akaweka kingine, nacho kikalowa. Alipomlaza chali ili apumzike, mkono wake uligusa tumbo. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, palikuwa na kitu kigumu kama kibuyu. Alikibonyeza kidogo, Njiru akaguna.

"Hiki kimeingia lini?" Igoki aliuliza.

"Sijui. Kimekuwa kikikua."

"Na hukuniambia?"

"Wewe pia kuna mambo hujaniambia," Njiru alisema kwa sauti ndogo. "Naona vile unanitazama. Unafikiri nina ule ugonjwa. Hata mimi nafikiri hivyo."

Mama yake Njiru, aliyeishi ng'ambo ya kijito, aliitwa. Alilitazama lile tumbo akasema aitwe mzee wa kuchoma. Zamani tumbo kama hilo lilichomwa kwa chuma cha moto, mahali pale penye uvimbe. Igoki aliona moto ukiwashwa uani. Aliona chuma kikiwekwa ndani yake. Hapo hofu moja ikaishinda nyingine. Alitoka mbio bila viatu, akaenda kwa Cicily.

"Cicily, nilikudanganya. Hakusafiri."

"Najua, mama Lorna. Viatu vilikuwa mlangoni. Ana nini sasa?"

Igoki alieleza: homa, kukonda, damu puani, kile kitu cha tumboni. Uso wa Cicily ukabadilika.

"Asichomwe! Mtu akiwa hivyo, damu yake haigandi upesi, na kidonda kitaoza. Nashuku ni kala-azar. Akiachwa bila dawa, atakufa. Akitibiwa, atapona. Chagua sasa hivi."

Cicily aliwapigia watafiti simu huku wakikimbia. Walipofika, chuma kilikuwa kimeshakuwa chekundu. Mama mkwe alisimama mbele ya mlango.

"Mtampeleka kwa wanyonya damu?" aliuliza.

"Mama, damu inamtoka yenyewe hapa nyumbani," Igoki alisema. Alikuwa hajawahi kumjibu mama mkwe hivyo. "Nipishe, tafadhali."

Mama mkwe alitazama kile kitambaa chekundu. Akapisha.

Njiru alipelekwa hospitali kwa gari la watafiti. Pale, mhudumu wa maabara alimdunga kidole tu. Tone moja la damu likawekwa kwenye kipimo kidogo, tone jingine kwenye kipimo cha pili. Igoki naye akapimwa ule ugonjwa, kwa sababu aliomba mwenyewe. Wakasubiri. Igoki alihesabu vigae vya sakafu, akapotea, akaanza tena.

Daktari Karimi alitoka akaketi karibu nao.

"Wewe Njiru huna virusi vya ukimwi," alisema. "Na wewe Igoki huna. Lakini Njiru una kala-azar."

Igoki alishusha pumzi, halafu akazivuta tena. Hofu ya zamani ilikuwa imeondoka, na mpya imeketi mahali pake.

"Hiyo inatoka wapi?" Njiru aliuliza. "Kwenye muguka?"

"Hapana. Inaletwa na mdudu mdogo sana, usubi. Ni mdogo kuliko mbu na hapigi kelele. Mchana hujificha mahali penye giza na unyevu. Kwenye nyufa za kuta, na ndani ya vichuguu. Jioni hutoka kutafuta damu. Wewe jioni hukaa wapi?"

Njiru alimtazama mke wake.

"Juu ya kichuguu," Igoki alijibu kwa niaba yake.

"Basi ndiyo sababu ya zile karatasi za mafuta," Karimi alisema. "Usubi akitoka tunduni, ananaswa. Tunamhesabu na kumpima. Watafiti waliotutangulia walifanya hivyo miaka mingi, wakagundua kwamba wanaougua sana ni watu wanaokaa karibu na vichuguu. Na hicho kitu kigumu ni wengu wako. Kila mtu anao. Wako umevimba kwa sababu vijidudu vimejaa ndani."

Matibabu yalikuwa sindano mbili kila siku kwa siku kumi na saba. Moyo wa Njiru ulipimwa kwa mashine kwanza, kwa maana dawa hizo zina nguvu. Siku ya tano mapaja yalivimba kwa sindano. Siku ya sita Njiru alitapika, akavuta blanketi kichwani.

"Nipeleke nyumbani nikafie kwa mbuzi wangu," alimwambia Igoki.

Igoki aliogopa. Wiki hiyo aliona mgonjwa wa kitanda cha dirishani akifunikwa shuka uso. Naye alikuwa amechelewa kuletwa, kama wao. Alimfuata Karimi koridoni.

"Daktari, hizi sindano haziwezi kupunguzwa?"

"Zimeshapunguzwa," Karimi alisema. "Zamani zilikuwa siku thelathini. Watafiti wa Kenya na wenzao wa Sudan, Ethiopia na Uganda walijaribu kuchanganya dawa mbili. Wagonjwa walikubali kujaribiwa, wakafuatiliwa miezi mingi. Ikaonekana siku kumi na saba zinatosha. Bado tunatafuta dawa ya kumeza. Lakini leo hii, hii ndiyo tuliyo nayo. Akiiacha katikati, ugonjwa utarudi ukiwa mkali."

"Na wewe kazi hii uliipendea nini? Kushinda na wadudu?"

Karimi alicheka kidogo. "Hata kwetu Ruiri walinicheka. Ati umesoma miaka yote hiyo uje kuhesabu usubi? Lakini nilikuwa na kaka, Mutegi. Alichunga ng'ombe huku nyanda za chini. Alirudi na tumbo kama la Njiru. Likachomwa. Nilikuwa darasa la sita, mimi ndiye niliyeshika taa. Hakupona. Hatukujua. Hakuna aliyetuambia."

Igoki alirudi kitandani. Alimweleza Njiru habari za Mutegi, neno kwa neno. Muuguzi alipokuja na sindano, Njiru alijifunua blanketi mwenyewe.

Siku ya kumi aliomba uji. Siku ya kumi na mbili aliomba uji wa pili na kulalamika kwamba wa kwanza ulikuwa mwepesi. Siku ya kumi na saba aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Igoki alikandika nyufa zote za nyumba kwa udongo, ndani na nje. Boma la mbuzi likasogezwa mbali na nyumba. Lorna akapimwa, akawa mzima, na wote watatu wakalala ndani ya vyandarua vyenye dawa. Jioni Njiru alihesabu mbuzi akiwa amesimama langoni, amevaa shati la mikono mirefu. Mama mkwe mwenyewe alimpeleka mjukuu wa Kithaka hospitali, homa yake ilipofika wiki mbili.

Lakini hofu haikuisha haraka. Karimi alikuwa amesema kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi, na kwamba baada ya miezi sita Njiru apimwe tena. Njiru akikohoa, Igoki aliacha kazi. Akibakiza chakula, Igoki hakulala. Wiki moja kabla ya siku hiyo, Njiru alipata joto mwilini, na Igoki akakesha akimgusa paji la uso.

Siku ilipofika, Karimi alimlaza Njiru, akabonyeza chini ya mbavu. Akabonyeza tena, akakunja uso. Igoki alishika ukingo wa kitanda.

"Mama Lorna, lete mkono," Karimi alisema. "Tafuta."

Igoki alitafuta. Palikuwa laini. Alitafuta juu, akatafuta chini.

"Sioni kitu."

"Hata mimi sioni. Wengu umerudi mahali pake. Na damu yake ni safi. Lile joto lilikuwa mafua tu. Nendeni nyumbani."

Walitoka langoni mwa hospitali. Igoki alisimama kidogo afute macho kwa leso. Alipoinua uso, Njiru alikuwa ameshavuka barabara, anapanda mlima kwa hatua ndefu kama mtu aliyechelewa kazini.

"Baba Lorna!" aliita. "Ningoje, jamani! Unanikimbiza!"

Njiru alicheka, lakini hakupunguza mwendo. Igoki akavua viatu, akavishika mkononi, akamfuata mbio.