Pipa la Bluu la Gendabi

Habari hii nilipewa na Hilda, mkwe wa mzee Bura wa Gendabi, mwezi wa saba uliopita, tukichambua maharage nyumbani kwangu. Naye alipewa na Basili mwenyewe, kwa kinywa chake, na utaona kwa nini ilimlazimu kusema.

Basi, saa nane mchana Fuso nyeupe ilikuwa inashuka barabara ya Endasak kama ng'ombe aliyeona maji. Nyuma yake, vumbi. Ndani ya vumbi, pikipiki aina ya Boxer.

Juu ya Boxer, Basili.

Watu walimjua kama mnunua chupa za plastiki, mwenye magunia na mizani ya kuning'iniza. Chini ya magunia kulikuwa na bastola aina ya Beretta. Sikioni kulikuwa na redio ndogo kama punje ya mahindi.

"Nyuki, uko wapi?" Huyo ni Zulfa, mkuu wake wa upelelezi, amejificha Katesh nyuma ya duka la vitenge.

"Nyuma ya Fuso. Mapipa sitini, yamejaa. Hermani yumo, kiti cha mbele."

"Usimguse mpaka ayashushe kwenye shimo la taka."

"Siku ya nne hii naambiwa nisubiri."

"Subiri."

Basili akasaga meno.

Halmashauri ilikuwa imeshusha kazi ya taka vijijini. Kila kijiji kichague chenyewe, mkutanoni, kampuni ya kuzoa na kurejeleza plastiki zake. Jambo jema. Lakini Hermani aliona upenyo. Alikuja na kampuni yake, Mlima Safi, akaahidi kuchimba shimo la taka Gendabi, na kila kaya itakayomnyooshea mkono ipate pipa tupu la lita mia mbili, bure. Mikono ikapanda kama mahindi ya mwaka wa mvua. Huku kwetu nani atakataa pipa la maji?

Mapipa yale yalikuwa yamebeba sumu ya viwanda vya nje. Matupu aliyagawa. Yaliyojaa alitaka kuyafukia, muhtasari wa mkutano wa kijiji umlinde.

Na Basili alijua.

Siku nne nyuma alifika kwa Hilda kupima chupa, akamkuta anasugua pipa la bluu kwa majivu.

"Shikamoo, mzee," alimsalimu Bura.

"Marahaba. Mizani yako ina njaa gani, kijana? Chupa gunia zima, kilo mbili!"

Hilda akacheka. "Kaka, usisimame tu. Nisaidie kuliingiza hili jikoni."

Neno moja tu lingetosha. Lakini neno lingemfikia Hermani kabla jua halijazama, na kazi ya miezi mitano ingekufa.

Basili akashika upande wa chini. Wakalibeba.

"Pipa zuri hilo, dada," akasema.

Zuri!

Sasa Fuso ilisimama shimoni. Makuli wawili wakaviringisha pipa la kwanza. La pili.

"Nyuki. Sasa."

Boxer ikaruka tuta. "Mikono juu!"

"Nina muhtasari!" Hermani akapunga karatasi. "Kijiji kimepitisha! Sahihi hizi hapa!"

Mkono wake mwingine ukazama kwenye koti.

Paa! Risasi ya Basili ikapasua tairi la Fuso karibu na goti la Hermani. Bastola ikamponyoka, naye akapiga magoti. Magari mawili ya polisi yakaibuka kutoka upande wa Gitting.

Pingu.

"Kazi safi, Nyuki. Njoo tule pilau."

"Kwanza spika za msikiti na kanisa zitangaze. Mtu yeyote asinywe maji ya mapipa yale."

Akachomoa redio sikioni, akaondoka bila kugeuka.

"Huyo hana hata jasho," askari mmoja akasifu.

Askari hakuuona uso wake.

Basili alimkuta Bura uani, anatapika, midomo imepauka.

"Siku ya pili hii," Hilda akasema. "Nampa maji mengi. Kila akiomba, nampa."

"Usimpe tena."

Wakampakia kwenye Boxer, katikati yao. Kwenye mlango wa hospitali ya Katesh mzee akanong'ona, "Mnunua chupa, leo unanipima mimi?"

Jioni daktari akatoka. Ataishi. Figo hazitakuwa kama zamani.

Ndipo Basili akamwambia Hilda yote. Hakuficha hata lile neno "zuri".

Hilda akaitazama mikono ya Basili.

"Ulishika upande wa chini."

"Ndiyo."

"Upande mzito."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada."

Bura alilala wa kwanza. Hilda aliapa hatafumba macho mtu yule akiwa mle ndani, lakini uchovu hauna kiapo; kichwa kikaangukia ukingo wa kitanda. Basili alibaki wima ukutani, akizihesabu pumzi za mzee, mpaka kulipopambazuka nesi akaja, akamwambia zimetulia. Ndipo Basili akakaa kwenye benchi la mbao. Simu yake ikaita, ni Zulfa, ikaita, ikanyamaza.

Alikuwa amelala.