Pemba Isiyooshwa

Habari hii niliambiwa kwanza na yaya Kabedi (kwetu yaya ni dada mkubwa), siku tulipokuwa tukichekecha unga wa muhogo nyuma ya nyumba yake, mwaka ule wa pili wa vita. Ukuta wake unapakana na nyumba ya Isaïe Umba, mchoraji. Mengine aliyaona mwenyewe, mengine aliyapata kwa Rachelle, mke wa Isaïe. Naandika nilivyosikia.

Isaïe alikuwa karani wa gare, stesheni ya treni, hapa Kamina. Vita ilipofika, treni zikaadimika, naye akabaki nyumbani bila kazi. Ndipo akaanza kuchora. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa akitandaza kitambaa cha gunia juu ya mbao, na kilichotoka hapo kiliwafanya watu wasimame mlangoni bila kujua waseme nini. Kulikuwa na mtu mwenye mji mzima ndani ya tumbo, na taa zake zinawaka. Kulikuwa na samaki wanaopanda angani kwa duara za kijani na nyekundu, duara ndani ya duara, hata ukitazama sana unaona ukuta unatembea. Na macho. Macho kwenye viganja, kwenye majani, kwenye magoti ya watu.

"Papa Talitha, aba bantu uliwaona wapi?" Rachelle alimwuliza siku moja, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Nikifunga macho, bananipitia."

"Ule wa tumbo kubwa iko sawa pasteur wetu. Akikuja kuomba hapa, umufiche."

Walicheka. Wakati ule walikuwa bado wanacheka.

Isaïe alikuwa na utaratibu wake: nyeupe ya macho aliiweka mwisho kabisa. Bila nyeupe, watu wake wote walikuwa vipofu. Lakini rangi nyeupe ilitoka Lubumbashi kwa treni, na ilipokwisha haikuja nyingine. Vitambaa saba vikasimama ukutani, vipofu, wiki tatu.

Mwezi huohuo ndugu waliokimbia vita kule Kabondo-Dianda wakamletea sanduku la marehemu bibi yake. Bibi huyo alikuwa kilumbu, yaani mtu anayekaliwa na mizimu ikasema kwa kinywa chake. Ndani ya sanduku kulikuwa na mboko, kibuyu kitakatifu, nacho kimejaa pemba, udongo mweupe ambao bibi aliwapaka usoni wale waliotaka mizimu iwakalie.

"Ile isilale mu nyumba yangu," Rachelle alisema. "Tulibatizwa."

"Kama tulibatizwa, unaogopa nini? Udongo njo udongo."

Akausaga. Akauchanganya na gundi ya muhogo ili ushike na usitoke kwa maji. Kwa siku moja akawapa macho watu wake wote. Wale waliopita kumsalimu jioni ile walisema hajawahi kufanya kazi nzuri kama hiyo.

Kesho yake saa sita mchana Rachelle alisikia harufu. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, lakini nyumba ilinuka tope la mto na mashavu ya samaki, kama kando ya Lualaba kule Bukama wanapovuta mitumbwi. Alitafuta panya aliyekufa chini ya kitanda. Hakuna.

Siku ya tatu zikaja nyayo. Pyata, pyata, pyata, kama mtu aliyetoka kuoga, zikitembea katika chumba cha vitambaa, na Rachelle alipofungua mlango sakafu ilikuwa kavu.

Talitha, mtoto wao wa miaka minne, alikuwa msemaji sana. Yaya Kabedi alimwita redio. Mchana ule alikuwa akila bukari, ugali wetu. Akaacha tonge mkononi, akageuza kichwa taratibu kuelekea chumba kile, na akasema kwa Kiluba cha wazee, jinsi watu wa zamani walivyomwitikia mfalme:

"Eyo, Vidye."

"Unaitika nani?" mama yake akanong'ona.

Tangu saa ile mtoto hakusema neno lingine kwa mtu yeyote.

Dispensari walimpa dawa ya malaria. Pasteur alikuja kuomba, akatoka haraka akishika pua. Siku ya tano Rachelle alimwita yaya Kabedi kwa kugonga ukuta, na yaya alipoingia alimkuta Talitha amelala juu ya mkeka, uso umefunikwa na unga mweupe mwembamba ambao mama yake alikuwa akiufuta kwa kitambaa na ambao, kila alipoufuta, ulirudi polepole kutoka ndani ya ngozi kama jasho, macho ya mtoto yako wazi, hayapepesi, na nzi akaja, akatua shavuni, akapanda mpaka kwenye jicho lenyewe, akatembea juu ya jicho huku na huku akinawa miguu yake, na mtoto hakulifumba.

"Yaya, nifanye nini?" Rachelle alisema, sauti yake ndogo sana.

Nyuma yao Isaïe alikuwa amesimama katika mlango wa chumba cha vitambaa. Alikuwa amegusa jicho moja la pemba. Kidole chake kilikuwa na maji. Siku tano, na gundi ile hukauka kwa saa moja.

Yaya Kabedi ndiye aliyemleta Kabange, mwanamke mkimbizi aliyekaa karibu na reli, ambaye zamani alifundishwa na yule bibi wa Isaïe. Alifika asubuhi, mwembamba, mkali, akakataa kiti.

"Nani alifungua mboko?"

"Minyi," Isaïe akasema, akijigusa kifua.

"Ulipaka nani?"

"Sikupaka muntu. Nilipaka bitambaa tu."

Kabange akachungulia chumbani, akarudi upesi. "Bina macho, bina kinywa. Weye ulifikiri muzimu inaomba kadi ya kitambulisho? Ukipaka uso, umeiita. Jioni, ule alipaka njo anaosha, na muzimu inasimama, inarudia kwake. Uliosha?"

Isaïe akatikisa kichwa.

"Basi imekaa mu bitambaa. Lakini kitambaa haina damu. Njo inatafuta mwenye damu mu nyumba." Akamtazama Talitha. "Osha. Mikono yako, hapana ya mwengine. Kama inachelewa, uyu mutoto atafunga macho mara moja tu."

"Mama, ile njo kazi yangu yote."

Rachelle akamnyanyua mtoto, akamweka miguuni pa mumewe. "Na uyu? Uyu njo kazi ya nani?"

Isaïe aliosha. Gundi ilikataa maji baridi, akachemsha maji yenye majivu, akasugua kwa mikono mitupu, na ile miji na taa zake ikateremka kwenye beseni, kijani juu ya nyekundu, mpaka yote ikawa rangi ya tope. Alilia kama mwanamke aliyefiwa, na hakuacha kusugua. Katika kitambaa cha pili Talitha alipepesa macho. Katika cha tano alishika kitenge cha mama yake. Isaïe alipomaliza cha sita, mtoto aliomba maji ya kunywa kwa mkono, lakini hakusema, na saa sita mchana kichwa chake kikageuka tena, midomo ikafanya maneno yale bila sauti.

"Ya saba iko wapi?" Kabange akauliza.

Isaïe akashika kichwa. Cha saba alikipeleka kanisani siku ileile alipokipa macho, kwa tombola, bahati nasibu ya kusaidia wakimbizi. Aliyekipata hakuna anayemkumbuka. Watu walikuwa wengi.

"Wiki mbili sasa Isaïe anatafuta nyumba kwa nyumba," yaya Kabedi aliniambia. "Ule mutoto hanenepe, anaisha tu. Kabange anakuja kila asubuhi, anasema siku zinabaki chache. Ile kitambaa iko na mwanamuke mwenye nywele ya mizizi, na macho ine. Ukisikia kwa bamama wenzako, useme."

Nilikuwa na ungo mikononi. Nilisema, "Ndiyo, yaya." Nikaendelea kuchekecha. Mimi ni mtu wa haya. Mume wangu Lazare ndiye aliyeshinda tombola ile. Yeye yuko Bukama kufundisha. Mimi ndiye niliyetundika kitambaa kile ukutani, juu ya mkeka wa Divin, mtoto wetu wa miezi saba. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya kitambaa hicho, kwa sababu mtoto akikitazama halii.

Usiku ule sikulala. Asubuhi, kabla jua halijapanda, nilikitoa ukutani bila kukitazama. Nilikikunja uso ndani, nikamfunga Divin mgongoni, nikaenda. Njiani kitambaa kilikuwa kizito kama nguo iliyotoka kufuliwa, na maji yake yalinitiririka mkononi.

Isaïe alikipokea, akaanza kusugua. Yule mwanamke wa mizizi alipofuka jicho kwa jicho. La nne lilipotoka, Talitha alikaa juu ya mkeka, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, njaa," na Rachelle akaanguka chini akicheka na kulia. Yaya Kabedi alinishika mkono. Mimi pia nilikuwa nalia.

Ndipo nikasikia mgongo wangu ni baridi.

Nilimfungua Divin. Alikuwa amenyamaza tangu nyumbani, nami nilifikiri amelala. Macho yake yalikuwa wazi. Nilipitisha ncha ya kitenge juu ya paji la uso wake, na kitenge kikarudi cheupe.

Isaïe akanyoosha mikono kumchukua. Kabange akamzuia.

"Kitambaa, nani alikitundika juu ya uyu mutoto?"

"Minyi," nikasema.

"Basi weye njo ulimupaka. Osha." Akasukuma beseni la maji safi kwa mguu mpaka mbele yangu. Nikapiga magoti, nikakunja mikono ya blauzi, nikaanza kumwosha Divin uso. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa. Niliyamwaga, nikachota mengine.